Kidole hakiozeshi boga jamani

Juzi nimeitwa Mikindani kwa bibi mmoja, maboga yake yanaoza yakiwa madogo kama yai la bata. Nimefika nanyoosha mkono nimuoneshe kitu pale shinani, bibi kanidaka kiganja: "Baba, kunja kidole, utanimalizia na haya yaliyobaki." Mi bwana shamba, nimeshika kazi hii miaka mingi tu, nikakunja. Ningefanyaje, mtu mzima yule. Lakini moyoni nikasema leo lazima niandike, maana hii imani ya kwamba ukilinyooshea boga changa kidole linaoza nimeisikia Mtwara mjini, nimeisikia Ndanda, nimeisikia mpaka kwa mwalimu wa sayansi.

Nikaomba kisu. Kiboga cha kwanza kilikuwa na kitundu kama umekichoma na sindano, juu yake tone la utomvu limekauka kama gundi. Nimekipasua, funza hao, weupe, na wale wakubwa wanajikunja afu wanaruka kabisa kutoka kwenye kiganja. Bibi akarudi nyuma hatua mbili. Nikamuuliza, bibi, kidole cha mtu kinataga mayai?

Huyo ni nzi wa maboga, anataga chini ya ganda likiwa bado laini. Likishakomaa likawa gumu anapata tabu.

Kiboga cha pili hakikuwa na kitundu wala funza, kimenyauka tu kuanzia pale ua lilipokuwa. Hicho hakijachavushwa. Ua jike linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshajifunga, sasa kama nyuki hawakupita, au mvua imenyesha asubuhi nzima, kitunda kinadondoka chenyewe. Dawa yake chuma ua dume asubuhi, toa petali, pakaza chavua kwenye ua jike, basi. Hapa nikiri kitu, kuna viboga nakuta vimenyauka na funza wamo, na mi mwenyewe nashindwa kusema kipi kilianza.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi kuliko hata kidole: "mbegu sugu". Mtu anatazama video ya Marekani, anaambiwa panda boga la aina fulani shina lake gumu halishambuliwi, anakuja ananiuliza nimtafutie. Ile video inamsema funza anayetoboa shina, mdudu wa kule kwao Amerika, wa kwako wewe anatoboa tunda! Wengine wananunua mbegu ya bei kali, paketi imeandikwa sugu, wanapanda wanakaa kibarazani wanasubiri. Sugu kwa nani? Soma zile herufi, ZYMV, WMV, hivyo ni virusi vya majani, na nyingine zinahimili ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu unaoweka unga mweupe kwenye majani. Ni kitu kizuri sana, sikatai, majani yanadumu na msusa unachuma mpaka unachoka, ila nzi hajui kusoma paketi. Na kama ni chotara ukitunza mbegu yake msimu ujao usitegemee utapata boga lile lile.

Halafu salfa. Najua huku kwetu kila nyumba ina salfa ya korosho imebaki, na mtu akiona jani la boga lina unga mweupe anaona ugonjwa ni ule ule wa mikorosho. Siyo, kuvu wa korosho ni mwingine na wa boga ni mwingine. Salfa inaweza kusaidia huo unga ila juani inababua majani ya maboga, na kwa nzi haifanyi kitu.

Mitego pia. Ile yenye chambo cha harufu kinachoitwa methili yujenoli, unayotundika kwenye mwembe, inavuta madume ya nzi wa embe, wa maboga hana habari nayo kabisa, yeye chambo chake ni kyulua, na hapo pia unakamata madume tu, majike yanaendelea kutaga. Chambo cha protini ndo kinavuta wote. Na usikiweke kwenye boga lenyewe, kipulizie kwenye mahindi yanayozunguka, maana nzi huyu halali kwenye boga, anajificha kwenye mahindi na vichaka anakuja kutaga anaondoka. Ndo maana mtu anapiga dawa maboga kila wiki na hapati kitu zaidi ya kuua nyuki, afu analalamika viboga vinadondoka!

Mi kwa bustani ya nyumbani nafanya mawili. Kilichooza sikiachi chini wala sikitupi jalalani, nakifunga kwenye mfuko mweusi wa plastiki nauweka juani siku kadhaa, maana funza akitoka anaingia udongoni na baada ya wiki tatu hivi tangu yai unaye nzi mpya. La pili, ua likishanyauka tu nafunika kiboga, karatasi au kitambaa, nafunga kwenye kikonyo bila kubana. Ukifunika mapema nyuki hapiti, ukichelewa unamfungia nzi ndani. Majivu nimejaribu, yanapunguza wale mbawakavu wekundu wanaokula majani, kwa nzi sijaona tofauti.

Jana nimepita tena kwa bibi. Kakata khanga kuukuu, kila kiboga kimevishwa na kufungwa kamba ya mnazi, safi kuliko ya kwangu. Nikamsifu kwa kumzuia nzi.

"Nzi naye," akasema, "na wapita njia nao hawayaoni wakayanyooshea vidole."