Je, wajua kwa nini magari yanayoongea yenyewe hayarudii meseji iliyopotea?

Ushawahi kusafiri usiku ukakuta majani ya miti yametupwa barabarani, dereva anapunguza mwendo kabla hata hajaona kitu, na kweli mbele kidogo kuna lori limezima? Ile ni meseji, tena inaeleweka na kila mtu. Ila ina kasoro moja, lori likishavutwa majani mara nyingi yanabaki palepale, kesho yake watu bado wanashika breki kwa ajili ya lori ambalo halipo.

Sasa magari yanayopeana habari yenyewe yanapambana na shida hiyohiyo, habari iliyopitwa na wakati. Chukua Volkswagen Golf toleo la 8 iliyotoka 2019, kule Ulaya ilikuja na kifaa cha kuongea na magari mengine bila mteja kuongeza hela. Ni redio ya ukoo mmoja na Wi-Fi, inatumia masafa ya gigahezi 5.9, inafika mpaka kama mita 800, haipiti kwenye mnara wa simu wala haili bando. Gari inapiga tu kelele hewani, niko hapa, naelekea huku, spidi yangu hii, mwenye kifaa aliye karibu anasikia.

Utauliza si ingepita tu intaneti? Piga hesabu. Gari ikiwa kilomita 100 kwa saa inakula karibu mita 28 kila sekunde, yaani habari ya kwamba wa mbele kashika breki ikichelewa sekunde moja tu, umeshasogea urefu wa mabasi mawili makubwa na chenji inabaki. Na intaneti ya simu sio kwamba ni ya polepole, mara nyingi iko fasta kabisa, tatizo ni hiyo "mara nyingi", mnara ukielemewa au ukiingia sehemu haina netiweki umekwisha.

Haya, turudi kwenye swali. WhatsApp ukituma meseji ikakaa tiki moja, inakusubiri mpaka mwenzio awashe data, hata kesho. Kwenye hizi meseji za gari hakuna cha tiki, gari ikishatuma haiulizi kama umepata, ikipotea imepotea. Sio uzembe, ni kwamba ile ya zamani inasema gari ilipokuwa na sio ilipo, ukiirudia unajaza hewa kwa uongo wakati mpya iko njiani. Kwa utaratibu wa Ulaya inatumwa kati ya mara 1 na 10 kwa sekunde kutegemea gari inafanya nini, ikisogea zaidi ya mita 4, au ikigeuka zaidi ya nyuzi 4, au spidi ikibadilika zaidi ya nusu mita kwa sekunde, hapo inatoa nyingine. Ukiwa umesimama kwenye foleni mara moja kwa sekunde inatosha, una kipi kipya cha kusema?

Afu kuna msongamano wa hewani maana magari yote ya kwenye makutano yanatumia hewa moja. Kila redio inasikiliza kwanza kama kuna anayeongea, ikikuta kimya inasubiri kidogo ndo inatuma, na meseji ya dharura inasubiri muda mfupi zaidi kuliko nyingine, kama ambulensi vile. Hewa ikijaa sana magari yenyewe yanapunguza kuongea.

Habari ya lori kuzima au ajali ina meseji yake tofauti, ambayo inabeba eneo na muda wa kuisha, usipowekwa muda mwingine basi ni dakika 10, na aliyetuma anaweza kuifuta mapema. Yaani majani yanayojiokota yenyewe! Mimi hapa ndo niliwavulia kofia.

Ila sio kila kitu kina haraka hivyo. Volvo 2016 walianza Sweden na Norway, gari ikihisi utelezi inapeleka habari kwenye seva kupitia mtandao wa simu, Volvo nyingine zinazokaribia pale zinaonywa. Hapo sekunde kadhaa si neno, barafu haikimbii. Ramani na nyimbo ndo kabisa, zikae mwisho wa foleni.

Kinachokera ni kwamba wakubwa hawajakubaliana lugha. Marekani walitenga masafa haya 1999, 2020 wakaamua zaidi ya nusu yaende kwenye Wi-Fi ya kawaida na kilichobaki kitumie teknolojia ya ukoo wa simu, ambayo haisikilizani na ile ya Golf hata zikiwa masafa mamoja. Na gari ya nyuma kama haina kifaa kabisa, Golf inapiga kelele peke yake, dereva inabidi awashe hazadi kama zamani.