Bati likianguka, mwili unaruka

Jirani wa ofisi yangu hapa Goma anajenga. Siku moja fundi aliangusha bati kwenye mawe ya volkano, na mama niliyekuwa naye kwenye kikao cha tiba akawa chini ya meza kabla sijageuza shingo. Alitoka akicheka kwa aibu. "Dokta, mwili wangu hauna akili. Vita vilipita kwetu Januari 2025, leo naogopa bati!" (Amenikubalia nisimulie.)

Mwili akili unayo, ila una haraka. Ndani ya ubongo kuna kitu kidogo kama punje ya haragi, amigdala. Ni mlinzi wa zamu: hangoji kujua nani anabisha, anapiga filimbi kwanza. Adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, tumbo linasimamisha kazi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo, inafika ikiwa imechelewa. Baada ya kiwewe, mlinzi huyo hasinzii tena. Moyo na tumbo haviachi kusumbua, ndiyo maana wengi hunifikia wakiwa wamemeza dawa za tifoidi na za vidonda vya tumbo miezi mingi. Anzeni kwa daktari wa mwili, lakini. Si kila maumivu ni kiwewe.

Ndugu humwambia mwenye kiwewe, "Jikaze, sahau." Ushauri huo unanichosha. Hipokampasi ndiyo karani wa kumbukumbu, anayegonga mhuri wa tarehe na mahali. Hofu ikizidi, mlio na harufu hubaki bila mhuri, na bati la leo linageuka risasi ya siku ile. Mtu atasahauje jambo ambalo kwa mwili wake halijaisha?

Mimi hutumia tiba ya kusimulia kiwewe (Narrative Exposure Therapy, NET), iliyobuniwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Tunatandaza kamba sakafuni, ndiyo maisha tangu kuzaliwa. Heri ni ua, shari ni jiwe. Mawe Goma hatununui. Mama aliweka jiwe la mlipuko wa volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, na ua pembeni yake: kifungua mimba wake alizaliwa wakiwa wamekimbilia Gisenyi, Rwanda. Jiwe la Mei 2021, volkano ilipolipuka tena, likafuata. La 2025 alilishika mkononi muda mrefu, hakuliweka. Sikumharakisha. Vikao vilivyofuata tulilisimulia polepole, mwanzo hadi mwisho: ulisikia nini, miguu ilifanya nini, na sasa ukiwa umekaa hapa, unahisi nini?

Vikundi navyo vinasaidia. Utafiti uliochapishwa 2013 ulifuatilia wanawake 405 wa vijiji 15 vya Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini, wahanga wa ukatili wa kingono. Miezi 6 baada ya tiba ya kikundi, asilimia 9 walikuwa na dalili za kutosha kushukiwa kuwa na sonona (huzuni nzito) au wasiwasi. Kwa waliopewa msaada wa mmoja mmoja, asilimia 42. Na walioongoza vikundi hawakuwa maprofesa.

Nyumbani, toa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta. Moyo hupunguza mwendo. Ila simwambii mtu hatari imekwisha wakati usiku bado anasikia milio.

Wiki iliyopita bati limeanguka tena. Mama ameshtuka, akatazama dirishani. "Ni fundi." Kiti chake bado anataka kielekee mlango, nami nimekigeuza.