Ndege ya kijeshi ikikaribia mpaka: kipi kinaruhusiwa, kipi kinaleta hatari

Habari ikitangaza kwamba ndege za kivita "zimekaribia" anga ya nchi jirani, wengi husikia "zimevamia". Mara nyingi sivyo, na tofauti hupimwa kwa maili.

Nchi kavu mpaka hauna fumbo. Pale Horohoro, Tanzania, mstari unaotutenga na Lunga Lunga ya Kenya unapanda wima hadi angani. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, na ndege ya jeshi la kigeni haiingii humo bila kibali. Baharini ndipo watu hupotea. Anga ya nchi inaishia maili 12 za baharini, kama kilomita 22, kuhesabu kutoka maji yanapokupwa. Ukanda wa uchumi wa bahari hufika maili 200, lakini huo ni wa samaki na gesi. Juu yake ndege ya nchi yoyote hupita bila kubisha hodi. Mtu wa Tanga akianzia hesabu ufukweni Raskazone, asisahau kwamba Pemba ni yetu: kisiwa nacho kina maili zake 12. Tena, ndani ya zile maili 12 meli ya kigeni ina haki ya kupita kwa amani. Ndege haina.

Tatizo ni muda. Ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa hukata kilomita 15 kwa dakika, hivyo maili 12 huisha kwa sekunde 90 tu. Tarehe 24 Novemba 2015 Uturuki iliangusha ndege ya kivita ya Urusi, Su-24, karibu na mpaka wa Syria. Kwa maelezo ya Uturuki yenyewe, ndege ile ilikaa ndani ya anga yake sekunde 17. Urusi ikakana kwamba iliingia kabisa. Katika sekunde 17 balozi hajainua hata simu. Ndiyo maana nchi kadhaa, Marekani ikitangulia mwaka 1950, zimejiwekea maeneo ya utambulisho nje ya anga zao: ukiingia, jitaje. Maeneo hayo hayaongezi anga ya mtu hata inchi moja, ingawa wanasiasa hupenda kuyazungumzia kama shamba lililopimwa.

Ndege ya doria ikizima transponda, kile chombo kinachojibu rada kwa kutaja namba na kimo, waongoza ndege hubaki na nukta isiyo na jina, na ndege ya abiria iliyo jirani haipati onyo. Hapo ndipo jeshi hurusha ndege kwenda kutazama kwa macho.

Utaratibu wa kutazamana unajulikana na marubani wote. Anayekatiza, yaani rubani wa jeshi aliyerushwa, hujiweka mbele kidogo, juu kidogo, kwa kawaida kushoto, kwa kuwa nahodha hukaa kiti cha kushoto. Huinamisha bawa moja, kisha la pili, mara kadhaa: nifuate. Anayekatizwa hujibu vivyo hivyo, huku akiita kwenye masafa ya dharura, megahetsi 121.5. Akiruhusiwa kuendelea, mwenzake hukata kona kali akipanda, bila kupita mbele ya pua yake. Kinachoharibu ni ubabe wa kusogeleana. Tarehe 1 Aprili 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani na ndege ya kivita ya China ziligongana karibu na kisiwa cha Hainan, nje ya zile maili 12. Rubani Mchina alikufa, na Wamarekani 24 wakazuiliwa siku 11.

Mvuvi wa Moa au Kigombe naye ana lake la kujua. Ndege ikizunguka chombo chako, ikakatiza mbele yako chini chini huku ikitikisa mabawa, halafu ikashika upande mmoja, usikate nyavu ukakimbia. Haikutishi. Hiyo ni ishara ya kimataifa ya uokoaji: huko inakoelekea kuna chombo kimepatwa, nawe ndiwe uliye karibu. Geuza, ifuate. Ikirudi na kupita chini nyuma ya tezi, msaada wako hauhitajiki tena. Endelea na uvuvi.