Kugundulika na usonji ukubwani maana yake nini

Neno "kugundulika" linapotosha kidogo. Ukisikia mtu wa miaka 42 amegundulika na usonji, utadhani kuna kitu kimempata juzi. Hakuna. Usonji mtu huzaliwa nao. Unagusa anavyowasiliana, anavyosikia kelele, anavyoshikilia utaratibu. Kilichochelewa ni jina.

Tumfikirie mchuuzi mmoja wa dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Dagaa wake ameanika kwa mistari iliyonyooka; vuruga mmoja, siku yake imeharibika. Injini za boti, wanaonadi, redio tatu kwa mpigo: vyote vinamwingia kichwani sawasawa, hana cha kuchuja. Siku za mbalamwezi, uvuvi ukisimama na mwalo ukitulia, yeye hupumua, hata kama mfuko unalia. Salamu za Waha, ambazo hazina haraka, amezikariri kama shairi: za nyumbani, za watoto, za shamba. Anazimaliza bila kosa, halafu anakwenda kulala kwa uchovu. Mtaani wanasema anaringa.

Kujikaza huko ndiko kunakowaficha wengi, hasa wanawake, wanaofundishwa mapema kutabasamu na kuitikia. Tena daktari wa akili wa watoto, Leo Kanner, alipoueleza usonji huko Marekani mwaka 1943, aliandika juu ya watoto 11, na kwa miaka mingi ukabaki jambo la watoto. Mwaka 2013 ndipo mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulipouweka pamoja na ule ulioitwa Asperger, wa watu wasiochelewa kuongea, chini ya jina moja. Aliyesoma miaka ya 1980 akafaulu hesabu, nani angemshuku?

Kipimo cha damu hakipo, wala picha ya kichwa haiuonyeshi. Mtaalamu humhoji mtu kwa kirefu na kutafuta dalili za utotoni. Hapo mama au shangazi ni shahidi mkubwa: alianza kuongea lini, alicheza na nani, chakula gani alikuwa hagusi? Wengine huanzia kwa mtoto wao: mtoto anapimwa, baba yuko pembeni, na kila swali linaloulizwa anaona linamhusu yeye.

Dawa ya kuuondoa hakuna. Ila mchuuzi wetu anaweza kuziba masikio kwa pamba wakati wa mnada bila kuona haya, na mkewe akaacha kumuuliza kila wakitoka msibani, "Baba Asha, nimekukosea nini?"