Msimpumzishe mzee

Wazee wengi wanaofika kliniki kwangu hawaji wenyewe. Huletwa na watoto wao, na anayelalamika ni mtoto: "Dokta, mama amepoa siku hizi. Kutwa yuko kwenye sofa na tamthilia, hata kwenye kikoba haendi." Mimi ni mfiziotherapia, yaani natibu viungo na misuli kwa mazoezi; mambo ya moyoni yana wataalamu wake. Lakini nikimwomba mama huyo ainuke kwenye kiti bila kujishikilia, mara nyingi hawezi.

Ukiuliza yalivyoanza, hadithi zinafanana. Alistaafu na miaka yake 60, watoto kwa mapenzi yao wakamwambia sasa apumzike. Akaletewa dada wa kazi. Ndoo hagusi, sokoni haendi, na akitaka kunyanyuka kuchukua maji, mjukuu keshakimbia jikoni. Ndiyo adabu tuliyofundishwa. Miaka inakatika, na siku moja kukanyaga ngazi ya daladala kunamtia hofu. Basi Kariakoo anaagiza, harusini anatuma mchango tu. Mwili umetangulia kuzeeka, moyo umefuata.

Kuanzia miaka ya 30 misuli hupungua kwa takriban asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Inayodhoofika zaidi ni ile ya nguvu za ghafla, inayokudaka ukijikwaa. Akianguka mara moja tu, mtu anakuwa mwoga, na mwoga hatembei, na asiyetembea misuli inazidi kumwishia.

Habari njema ni kwamba misuli haijui tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa miaka 90 hivi, wakazi wa makao ya wazee, waliofanya mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 8. Nguvu za mapaja yao zilipanda zaidi ya mara mbili. Miaka 90! Halafu mtu wa Tabata mwenye 63 ananiambia miguu yake "imeshakwisha".

Maneno hayo nayo yana uzito. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha mwaka 2002 utafiti uliofuatilia watu 660 wa Ohio: waliouona uzee wao kwa jicho zuri waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya. Si ushahidi kwamba fikra peke yake inarefusha maisha, ila mimi siupuuzi.

Jaribuni hivi nyumbani. Kiti cha mezani kiegemezwe ukutani, mikono ikunjwe kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30, na mtu awe karibu. Kwa umri wa 60 hadi 64, mwanamke asiyefika mara 12 au mwanaume asiyefika 14 yuko chini ya wastani. Zoezi la kumtibu ndilo hilohilo, kidogokidogo kila siku. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua au nyonga iliyofanyiwa upasuaji amwone daktari kwanza.

Kijiwe cha bao nakiunga mkono, kichwa kinachemka na watu wapo, bora tu baba aende kwa miguu. Na zile ndala zilizolika soli zitupeni. Mnunulieni raba zenye kisigino kilichofunikwa, kisha mwacheni akafuate gazeti lake mwenyewe.