Tathmini ya utendaji halisi ni nini?

Mwanafunzi wa Gredi ya 6 mjini Lamu anaulizwa kwenye karatasi: tangi lina urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina mita 1.5, likijaa lina lita ngapi? Anazidisha, anapata lita 9,000. Tiki.

Sasa wape yeye na wenzake kazi hii. Tangi la shule liko pale uani, limejaa. Mvua zimekatika, na kisiwa hiki kinategemea visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela pamoja na maji ya mvua yaliyowekwa akiba. Mwalimu mkuu anataka kujua maji yatatosha siku ngapi. Pimeni, pigeni hesabu, kisha mwandikieni barua ya kumshauri.

Hapa hakuna aliyewapa vipimo. Wanatafuta futi, wanapima wenyewe, na wakichungulia vizuri wanaona bomba la kutolea maji limewekwa sentimita 20 juu ya sakafu ya tangi. Lita 1,200 za chini hazitoki. Zinabaki 7,800, na wanafunzi 300 wakitumia lita 2 kila mmoja kwa siku, ni siku 13, si zile 15 za kwenye daftari. Kisha mmoja anauliza: na walimu je? Na udhu wa adhuhuri?

Kazi hiyo ya pili ndiyo tathmini ya utendaji halisi. Mwanafunzi anapimwa kwa kufanya jambo ambalo watu hulifanya kweli nje ya darasa, lenye mtu anayelisubiri na vikwazo vyake, na jibu lake hulitetea. Mwalimu wa Marekani Grant Wiggins aliupigia debe mtazamo huu tangu 1989. Tahadhari moja: si kila utendaji ni halisi. Kughani shairi mbele ya darasa kwa sababu mwalimu amesema ni utendaji tu. Kulitunga na kulighani kwenye harusi ya jirani ni jambo jingine.

Kenya imelifikisha wazo hili shuleni kupitia Mtaala wa Umilisi (CBC), unaolenga kile mwanafunzi anachoweza kufanya, ulioanza kutumika nchi nzima 2019. KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi uliokuwapo tangu 1985, ilifanywa mara ya mwisho 2023. Katika KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, tathmini za shuleni zilipangiwa asilimia 60 na karatasi ya mwisho 40.

Lakini bila vigezo, yote haya ni pilkapilka. Viwango vya mtaala huo vinajulikana: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Maneno hayo peke yake hayamwambii mtoto kitu. Kwa kazi yetu ya tangi, anayefikia ni aliyepima mwenyewe, akaonyesha njia yake na kutaja makadirio aliyoyatumia. Anayekaribia amepiga hesabu sawasawa lakini hakuliona bomba. Anayezidisha matarajio amemwambia mwalimu mkuu la kufanya ikiwa mvua itachelewa. Na haya watoto wayajue kabla hawajashika futi, si siku ya kurudishiwa kazi.

Udhaifu mkubwa, kwa maoni yangu, ni ile kazi mradi inayopelekwa nyumbani. Baba humwita seremala, na Jumatatu kinakuja kitu kinachong'aa, mtoto akapewa alama za fundi. Dawa ni sehemu kubwa ya kazi ifanyike shuleni, na mwanafunzi aulizwe maswali mawili matatu kwa mdomo. Aliyefanya mwenyewe hujulikana upesi sana.

Mtihani wa karatasi haujapoteza kazi. Ukitaka kujua kama darasa limeshika jedwali la kuzidisha kwa saba, dakika kumi zinatosha, ilhali kazi ya tangi inaweza kula wiki nzima ya vipindi. Hii ifanywe mara moja au mbili kwa muhula, na walimu wawili wasahihishe baadhi ya barua bila kuoneshana alama. Wakitofautiana kwa barua ileile, kwanza waangalie kigezo kilivyoandikwa, kabla ya kumlaumu mtoto.