Mpole juu ya pikipiki: tunayoyaamini kuhusu mabingwa wa mbio, na yalivyo kweli

Joey Dunlop alikuwa na baa katika mji mdogo wa Ballymoney, Ireland Kaskazini. Mbele ya kamera alikuwa mwenye haya, akijibu kwa maneno mawili matatu kisha akirudi kwenye pikipiki yake, ambayo mara nyingi aliitengeneza mwenyewe. Kimyakimya alikuwa akiendesha gari lililojaa chakula na nguo hadi kwenye vituo vya yatima Romania na Bosnia. Mtu huyo alishinda mbio za barabarani za Isle of Man TT, kwenye kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mara 26, tatu za mwisho mwezi Juni 2000 akiwa na miaka 48. Tarehe 2 Julai mwaka huohuo alifariki mbioni huko Tallinn, Estonia: barabara ilikuwa imelowa, pikipiki ikamshinda, akagonga miti. Waliojitokeza kumzika walikadiriwa kufika 50,000.

Wanamichezo wa aina hii hupendwa kwa namna ya pekee, na wanastahili. Shida ni kwamba mara nyingi tunawasifia yasiyo yao, na sifa nyingine zinawaongezea hatari.

“Hawa watu hawaogopi kufa”

Wanaogopa, na hofu hiyo ndiyo iliyoubadilisha mchezo. Giacomo Agostini wa Italia, bingwa wa dunia mara 15, alikuwa ameshinda Isle of Man mara kumi. Mwaka 1972 rafiki yake Gilberto Parlotti alikufa pale siku ya mvua. Agostini akasema harudi tena, na kweli hakurudi kushindana. Wakubwa wengine wakamfuata, na baada ya 1976 mbio hizo zikapoteza hadhi ya kuhesabiwa kwenye ubingwa wa dunia. Hakuna mwenye akili aliyemwita mwoga.

Siku hizi waendeshaji wa MotoGP, daraja la juu la ubingwa wa dunia wa mbio za uwanjani, hukaa na waandaaji Ijumaa ya wiki ya mashindano na kulalamika kuhusu ukuta uliokaribia mno kona au lami yenye mabonde. Mwendawazimu asingehudhuria kikao cha namna hiyo.

“Mtu mpole hana makali ya kushinda”

Nicky Hayden wa Marekani huenda ndiye aliyependwa na watu wengi zaidi wa zama zake, kwa heshima na tabasamu lake. Mwaka 2006 alifika Estoril, Ureno, raundi moja kabla ya mwisho, akiongoza ubingwa mbele ya Valentino Rossi. Dani Pedrosa, wa timu yake mwenyewe, akateleza na kumwangusha. Picha za siku ile zinamwonyesha Hayden kwenye changarawe akirusha mikono na kufoka ndani ya helmeti. Huo ndio upole wa mkimbiaji: hasira ipo na inaonekana, ila haimtawali. Wiki mbili baadaye, Valencia, Rossi alianguka, Hayden akamaliza wa tatu na kuwa bingwa kwa tofauti ya pointi tano. Akalia kama mtoto, na dunia ikalia naye.

Nadhani tunachanganya unyenyekevu na ulaini. Anayeanguka mara kwa mara mbele ya maelfu ya watu hujifunza kukubali kwamba amekosea na kuuliza mafundi amekosea wapi. Mwenye kiburi hulaumu tairi, na wiki ijayo anaanguka kona ileile.

“Mashine ndiyo inayofanya kazi, yeye amekaa tu”

Pikipiki ya MotoGP haipungui kilo 157. Pedrosa alikuwa na kilo 51 hivi na urefu wa sentimita 160, na alishinda mbio 54 za ubingwa wa dunia, 31 kati ya hizo katika daraja la juu. Unapofunga breki kutoka zaidi ya kilomita 300 kwa saa, mwili wote unasukumwa mbele na mikono ndiyo inayouzuia, kona baada ya kona, kwa dakika 40 hivi. Misuli ya kigasha huvimba ndani ya utando unaoibana, damu haipiti sawasawa, vidole vinakufa ganzi na breki inakuwa ngumu kushika. Wengi wamepasuliwa kwa tatizo hilo. Pedrosa mwenyewe alikosa raundi tatu mwaka 2015.

“Kasi ndiyo inayoua”

Hapa ndipo watazamaji wengi tunapokosea. Mwaka 2023, huko Mugello, Brad Binder wa Afrika Kusini alifikisha kilomita 366.1 kwa saa na akavuka mstari salama. Msimu wa 2017, katika madaraja matatu ya ubingwa wa dunia, watu walianguka zaidi ya mara 1,000, na walio wengi waliinuka, wakajipangusa vumbi na kuondoka kwa miguu yao.

Tairi la mbele likiteleza, pikipiki hulala na mwendeshaji huserereka nyuma yake hadi changarawe imsimamishe. Kinachotisha zaidi ni tairi la nyuma kuteleza kisha kushika lami tena ghafla: pikipiki inajinyoosha kwa nguvu na kumrusha mtu juu. Lakini hata huyo mara nyingi hupona na mifupa iliyovunjika. Vifo vya uwanjani vimetokana mara nyingi na kugongwa na wanaofuata nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shoya Tomizawa huko Misano mwaka 2010 na Jason Dupasquier huko Mugello mwaka 2021. Marco Simoncelli, Sepang, tarehe 23 Oktoba 2011, hata hakuachana na pikipiki yake; badala ya kuserereka kwenda nje, ilikata kurudi katikati ya njia, mbele ya Colin Edwards na Rossi, rafiki yake mkubwa, wakamgonga, akafariki. Mifuko ya hewa ndani ya suti, iliyokuwa lazima katika MotoGP kuanzia 2018, hufumuka kabla mwili haujagusa chini na imeokoa mabega mengi. Dhidi ya pikipiki inayokuja nyuma kwa kasi ile haifui dafu.

Isle of Man hesabu ni nyingine kabisa. Njia yake ni barabara za kawaida za kilomita 60.7 katikati ya kuta za mawe, nyumba na nguzo. Wanaondoka mmojammoja, kwa hiyo adui mkubwa ni kitu kigumu kilichosimama kando ya njia. Mwendeshaji Peter Hickman aliizunguka mwaka 2023 kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Tangu 1911 njia hiyo imeua waendeshaji zaidi ya 260. Kuzilinganisha mbio hizo na za uwanjani kana kwamba ni mchezo mmoja ni kuwakosea wote.

“Bingwa wa kweli anarudi hata akiwa amevunjika”

Jorge Lorenzo wa Hispania alivunjika mtulinga Alhamisi huko Assen mwaka 2013, akasafirishwa kwenda kufanyiwa upasuaji Barcelona, na Jumamosi akamaliza mbio wa tano. Hadithi hiyo tunaisimulia kwa fahari. Hatusimulii kwamba raundi iliyofuata, Ujerumani, alianguka na kukipinda kipande cha chuma alichowekewa.

Mwaka 2020 bingwa Marc Márquez wa Hispania alivunjika mkono wa juu huko Jerez, akapasuliwa, na ndani ya wiki moja akajaribu kupanda tena. Upasuaji ukawa wa pili, wa tatu, na mwaka 2022 wa nne. Ubingwa mwingine aliupata 2025 tu. Makofi yetu kwa anayechechemea kuelekea pikipiki nayo yana sehemu yake katika hili.

“Alikufa akifanya alichokipenda”

Sentensi hii hutufariji sisi tuliobaki kwenye majukwaa. Robert Dunlop, mdogo wake Joey, alikufa kwenye mazoezi ya North West 200, mbio za barabarani za Ireland Kaskazini, mwezi Mei 2008. Siku mbili baadaye mwanawe Michael alipanda pikipiki kwenye njia ileile na kushinda. Unaweza kuliita pendo. Mimi naona pia familia isiyojua namna nyingine ya kuomboleza. Hayden, kwa upande wake, aligongwa na gari mwaka 2017 akiwa kwenye baiskeli ya mazoezi nchini Italia, na kufariki siku tano baadaye.

Na mwaka 2021, mbio za madaraja ya chini huko Hispania zilipomuua kijana wa miaka 14 na miezi michache baadaye mwingine wa miaka 15, sentensi hiyo haikutosha tena. Kuanzia 2023 umri wa chini wa kuingia mashindano ya dunia ukapandishwa hadi miaka 18.